Nafasi ya chifu wa parishi inabandikwa ukutani, ya mwenyekiti wa Tume ya haki za binadamu inakuja kwa barua

Pale ofisi za wilaya hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kuna ubao umewekewa wavu wa waya, na ukipita msimu ambao tume ya ajira ya wilaya inatafuta watu utakuta vijana wamejaa hapo kama nyuki. Siku moja nilisimama nao, si kwamba natafuta kazi, nilikuwa namsubiri mtu tu. Karatasi tatu zimepigwa pini, muhuri umeshafifia kwa jua, imeandikwa anatakiwa chifu wa parishi (si wa kanisa, ni mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini), uwe umesoma mpaka wapi, umri wako uwe kiasi gani, ulete nakala ngapi, na mwisho wa kupokea ni tarehe fulani. Kijana mmoja simu yake kioo kimekufa akawa ananakili kwenye kiganja kwa kalamu ya biki. Mwingine anauliza kama barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, ni lazima. Dada mmoja nyuma yangu akacheka akasema aah hizo kazi zina wenyewe, lakini naye akatoa simu akapiga picha.

Huyo dada ndo namkumbuka kila ukianza ubishi kuhusu Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, manake watu hubishana sana kuhusu mtu aliyekaa kwenye kile kiti, ni wa serikali, si wa serikali, ana roho ngumu, ni muoga, na karibu hakuna anayeuliza alifikaje pale. Chifu wa parishi nafasi yake inabandikwa ukutani hata kama ina wenyewe. Mwenyekiti wa Tume, mtu mwenye nguvu ya kuamuru mkuu wa majeshi amuachilie mfungwa, nafasi yake haibandikwi popote.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Tarehe 20 Novemba 2019 Med Kaggwa alifariki ghafla Kampala. Alikuwa mwenyekiti wa Tume tangu 2009, mwanasheria, alishawahi kuwa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki na pia kamishna kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kabla yake alikuwepo Jaji Margaret Sekaggya, wa kwanza kabisa, toka 1996 mpaka 2008, akatoka hapo akaenda kuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa watetezi wa haki za binadamu. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 kiti kilikuwa kimekaliwa na watu wawili tu, na labda ndo maana watu hawakuwa wamezoea kuuliza huyu anayefuata anatoka wapi.

Kaggwa akazikwa, kiti kikabaki wazi. Ukaisha mwaka, bado. Na huo haukuwa mwaka wa kawaida jamani. Kulikuwa na korona, wanamgambo wa LDU wanakimbiza watu barabarani kwa fimbo wakati wa kafyu. Tarehe 18 Novemba 2020 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, akakamatwa Luuka kwenye kampeni, mji ukawaka, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 54 wakafa kwenye zile siku chache. Januari 2021 uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Alafu zikaja zile gari za Hiace zisizo na namba ambazo watu walizibatiza jina la droni, mtu anachukuliwa mbele ya duka lake na familia inaanza kuzunguka vituo vya polisi na picha ya paspoti mkononi. Muda wote huo Tume iliyoandikwa kwenye Katiba kwa ajili ya mambo kama haya ilikuwa inaongozwa na kaimu. Mwenyekiti kamili, Mariam Wangadya, alikuja kuteuliwa 2021, uchaguzi umeshapita na maiti zimeshazikwa.

Mimi hapo huwa nasimama kwanza. Watu wanapoongelea uteuzi wa haki wanafikiria tu jina litakalotoka, lakini kutoteua nako ni kuteua. Ibara ya 51 ya Katiba inasema Rais atateua mwenyekiti na makamishna wasiopungua watatu kwa idhini ya Bunge, na mwenyekiti awe jaji wa Mahakama Kuu ama mtu mwenye sifa za kuwa jaji, wote wawe watu wenye maadili na uadilifu uliothibitika, wakae miaka sita na wanaweza kuteuliwa tena. Basi. Haikusema kiti kikiwa wazi kijazwe ndani ya siku ngapi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyevunja sheria kwa kuacha kiti wazi kipindi chote cha kampeni, na hiyo ndo shida yenyewe, ukitaka tume iliyolegea huhitaji kumtafuta mtu legevu, unaacha tu kiti kikae na vumbi. Kaimu anaweza kuwa mtu mzuri sana lakini kaimu ni kaimu, anajua kila asubuhi kwamba barua ya mtu mwingine inaweza kuingia mchana.

Alafu angalia jina lilivyofika. Hakukuwa na tangazo la kuwaita watu waombe. Hakukuwa na orodha ya waliofika hatua ya mwisho. Jina lilitoka Ikulu likaenda kwa Spika, likapelekwa kwa kamati ya Bunge ya uteuzi ambayo Spika ndo mwenyekiti wake, na ile kamati inawapiga watu msasa milango ikiwa imefungwa. Sisi huku nje tunaona picha ya mtu anaingia na faili amevaa vizuri, na picha ya mtu anatoka anatabasamu. Aliulizwa nini? Alijibu nini kuhusu mateso, kuhusu raia kushtakiwa mahakama ya kijeshi, kuhusu zile droni? Hatujui, na hatukupaswa kujua, ndo kamati ilivyopangwa.

Na hapa niwe mkweli, simsemi Wangadya kama mtu. Kwa makaratasi alikuwa na sifa, ni mwanasheria, alishakuwa kamishna wa Tume hiyo hiyo zamani, akatoka kwenye unaibu wa Inspekta Mkuu wa Serikali, ofisi inayopambana na rushwa. Inawezekana hata kungekuwa na usaili wa wazi yeye ndo angeshinda. Lakini hatutajua kamwe, manake hakushindana na mtu. Na waliokuja kuwa makamishna naye ni mchanganyiko kweli. Yupo Crispin Kaheru, aliyeongoza muungano wa asasi za kiraia wa kuangalia uchaguzi, ule uliosimamishwa na Tume ya Uchaguzi 2018. Yupo Simeo Nsubuga, aliyewahi kuwa msemaji kwenye polisi alafu mbunge wa NRM, chama tawala. Mtu anayeletewa malalamiko na mwananchi aliyepigwa na polisi akiwa yeye mwenyewe alishawahi kuisemea polisi, si kwamba hawezi kutenda haki, anaweza, lakini huyo mwananchi ana haki ya kujua kwamba hilo swali liliulizwa na likajibiwa mbele ya watu.

Kuna kitu kwenye Katiba yetu huwa kinanichekesha kidogo. Mwenyekiti wa Tume kuondolewa kwake ni kama jaji wa Mahakama Kuu, Ibara ya 56 inasema hivyo, yaani huwezi kumuamsha asubuhi ukamwambia nenda nyumbani. Ibara ya 54 inasema Tume haitaelekezwa na mtu wala mamlaka yoyote. Ibara ya 53 inaipa nguvu za mahakama, inaweza kuita shahidi, inaweza kuamuru mtu aachiliwe, inaweza kuamuru mtu alipwe fidia. Mlango wa kutokea umejengwa kwa chuma. Sasa mlango wa kuingilia? Jaji halisi wa Mahakama Kuu, Rais anamteua kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo hutangaza nafasi, watu wanaomba, wanaitwa usaili, ndo majina yanaenda juu na baadaye Bungeni. Mwenyekiti wa Tume ya haki za binadamu anatakiwa awe na sifa za huyo huyo jaji lakini hapiti kwenye chombo chochote cha katikati. Ni kama nyumba umeweka geti la chuma mbele na mlinzi, alafu nyuma umeweka pazia.

Na lile neno dogo la mwisho, anaweza kuteuliwa tena, msilipuuze. Miaka sita ni mirefu, sawa, lakini mwaka wa tano na wa sita mtu anaanza kuhesabu. Atakayeamua kama anaendelea ni yule yule ambaye polisi wake na jeshi lake ndo wanalalamikiwa kila siku. Hata malaika angekuwa anapima maneno.

Haya si mawazo yangu ya kijiweni. Kuna zile Kanuni za Paris, za jinsi tume za haki za binadamu zinavyotakiwa kuwa, ziliandikwa 1991 na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazipitisha Desemba 1993, na kuna kamati ya muungano wa dunia wa tume hizi, GANHRI, inayozipa madaraja. Msimamo wao kuhusu uteuzi unajulikana: tangaza nafasi kwa upana, pata waombaji wengi kutoka makundi mbalimbali ya jamii, washirikishe watu, pima kwa vigezo vilivyowekwa mapema na vinavyojulikana na kila mtu, na anayechaguliwa akae kwa nafsi yake, siyo kama mjumbe wa taasisi iliyomtuma. Sasa chukua hivyo vitu vitano ulinganishe na yale makaratasi matatu ya pale kwenye ubao wa wilaya. Chifu wa parishi anapata angalau viwili. Mwenyekiti wa Tume sijui anapata kipi. Na bado Tume yetu imekuwa na daraja A kwa miaka mingi, ilipewa tena 2018, daraja ambalo linaipa haki ya kusimama Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, na kuongea kwa kiti chake yenyewe. Ndo ujue kwamba daraja linapima vitu vingi, na uteuzi ni kimoja tu kati ya hivyo.

Turudi kwenye kisa, manake kuna sehemu mbili zinazofuata na zinavutana.

Ya kwanza ni 2023. Chama cha NUP, kile cha Bobi Wine, kilikuwa kinapeleka majina ya wafuasi wake waliopotea toka wakati wa uchaguzi. Tume ikachunguza, alafu ikatangaza kwamba inafunga baadhi ya mafaili, ushahidi hamna. Moto ukawaka. Watu hawakusoma hata sababu zilizotolewa, walisema tu ah, tulijua, si ni mtu wa Mzee, yaani Rais Museveni. Sasa tuseme, kwa kubishana tu, kwamba kwenye baadhi ya yale mafaili Tume ilikuwa sahihi, kwamba kweli ushahidi haukuwepo. Ingefanya nini ili iaminike? Hakuna kitu, manake mtu aliyesaini kufunga faili hakuna mwananchi aliyewahi kumuona akiulizwa swali gumu kabla hajakalia kiti. Uteuzi wa gizani hauzai tu mtu mbaya, unaweza kumchukua mtu mzuri na uamuzi sahihi ukavifanya vyote vionekane ni vya kupangwa. Na mwaka huo huo, Agosti 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifunga milango Uganda baada ya serikali kukataa kuongeza mkataba, ikisema kwamba nchi ina taasisi zake zinazotosha. Taasisi yenyewe ni hii tunayoiongelea.

Ya pili ni 2025. Tarehe 27 Aprili Eddie Mutwe, mlinzi mkuu wa Bobi Wine, alichukuliwa Mukono na watu wenye silaha. Siku zikapita, familia haijui yuko wapi. Alafu mkuu wa majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwenyewe, kwenye mtandao wa X, akaandika kwamba huyo mtu yuko kwenye beismenti yake, kamkamata kama nsenene, wale panzi wa kuliwa, na anamfundisha Kinyankole. Hapa kwetu nsenene unajua wanavyokamatwa, taa kali, mabati, wanateleza wanaingia kwenye pipa, alafu unawang'oa mabawa na miguu kabla ya kukaanga. Kila mtu alielewa.

Tarehe 2 Mei Wangadya akasaini amri. Siyo taarifa ya kusikitishwa, siyo wito kwa pande zote, ilikuwa amri kwa mkuu wa majeshi amuachilie Mutwe mara moja, kwa nguvu ya Ibara ya 53. Nakumbuka hiyo karatasi ilivyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mpakani, madereva wa malori waliokwama foleni wanasomeana, mmoja akasema huyu mama ana wazimu au ana Mungu. Tarehe 5 Mei Mutwe akapelekwa mahakamani Masaka, hawezi kutembea vizuri, akasomewa mashtaka ya wizi wa kutumia nguvu na akarudishwa rumande. Kwa hiyo amri haikumtoa huru. Iliwezekana kwamba iliharakisha kumtoa kwenye ile beismenti, iliwezekana pia kwamba ilikuwa ni kelele zote kwa pamoja.

Basi kuna rafiki yangu tunabishana naye sana akaniambia, umeona sasa, uteuzi ule ule unaoulalamikia ndo umetoa mtu wa kusaini vile, kwa hiyo njia haina shida, shida ni mtu. Nilikaa na hilo neno siku kadhaa kwa kweli, manake lina uzito. Lakini jibu langu ni kwamba alichokiona ni bahati, na bahati huwezi kuipangia bajeti. Tena angalia vizuri alikuwa amesimama juu ya nini siku ile. Nyuma yake hakukuwa na jopo lililomchagua kati ya watu 30. Hakukuwa na rekodi ya hadharani ambayo alisema, mkinipa kiti hiki nitamuamuru hata jenerali. Hakukuwa na umma unaosema huyu ni wetu tulimuona akihojiwa. Walio upande wa serikali wangeweza kumuona msaliti, si tulikupa sisi kazi, na walio upande wa upinzani walikuwa bado wana kinyongo cha mafaili ya 2023. Mtu aliyeteuliwa kwa barua, siku akigeuka dhidi ya mkono ulioandika barua anajikuta peke yake. Kwa hiyo ule utaratibu wa wazi watu wanaoudai si wa kuwachuja wabaya tu, ni mgongo wa kuegemea kwa yule mzuri.

Sisi wa Busia tuna bahati moja, tukivuka pale kwenye geti la mpaka tunaingia nchi nyingine yenye njia nyingine. Kenya, tume yao ya haki za binadamu, sheria yao ya 2011 inataka liundwe jopo la uteuzi, nafasi zinatangazwa kwenye magazeti, majina ya waombaji na waliochujwa yanachapishwa, usaili unafanywa hadharani, alafu Rais anapeleka majina Bungeni na huko nako wanapigwa msasa mwananchi akiwa na ruhusa ya kuandika pingamizi. Mwenyekiti wao Roseline Odede alipofariki Januari 2025 mlolongo ule ulianza upya. Kuna mama anauza chapati na chai ya maziwa karibu na stendi ya malori, redio yake inashika stesheni za kule, siku moja walikuwa wanahoji watu wa tume fulani ya Kenya, sikumbuki ipi, mgombea anabanwa anaulizwa mbona ulipokuwa ofisi ile pesa zilipotea, anagugumiza maneno. Mama anageuza chapati anasema, huyu hapana, huyu anatetemeka. Yeye hapigi kura Kenya, hata kitambulisho chao hana, lakini tayari ana maoni kuhusu mtu wa tume. Nikamuuliza wa kwetu unamjua? Akasema yule mama wa haki za binadamu? Namuona kwenye habari tu.

Sisemi Kenya ni pepo. Nao waliwahi kukaa muda mrefu bila mwenyekiti, na majopo yao pia huwa yanashtakiwa mahakamani kila mara, eti yule ni shemeji wa fulani. Lakini kuna tofauti ya kushuku kitu ulichokiona na kushuku kitu ulichofichwa.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Hii Tume haikuanguka toka mbinguni. 1986 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Arthur Oder kuchunguza yaliyotendwa toka 1962, ikazunguka nchi, watu wakasimama mbele ya majirani zao wakaeleza walivyoteswa na nani alizikwa wapi, ripoti ikatoka 1994, na moja ya mapendekezo ilikuwa kuwe na chombo cha kudumu. Mwaka uliofuata Katiba ikakiandika. Watu wa Luwero, watu wa West Nile, waliambiwa wasimulie uchungu wao hadharani. Anayeteuliwa kuulinda huo uchungu usirudi anahojiwa chumbani.

Kitu kingine watu hawakijui, mengi ya haya hayahitaji kugusa Katiba. Ibara ya 51 inasema Rais ateue, haimkatazi kupokea majina toka kwenye jopo lililotangaza nafasi, wala haimkatazi kujaza kiti ndani ya siku 60. Hilo linaweza kuwekwa kwenye ile Sheria ya Tume ya 1997 kwa kifungu kimoja ama viwili, mbunge yeyote anaweza kuleta muswada binafsi akitaka. Na mlango wa kamati ya uteuzi kufungwa haukuandikwa kwenye Katiba, ni utaratibu wa Bunge lenyewe. Kipengele cha kuteuliwa tena ndo kigumu, hicho kiko ndani ya Katiba kweli.

Kwa hesabu ya miaka sita, muhula ulioanza 2021 unafika mwisho 2027. Jina litakalokuja, liwe la zamani ama jipya, litapelekwa kwa Bunge la 12, na kanuni za kamati zake hilo Bunge linajiandikia lenyewe.